Je, Kuogelea si Utamaduni Wetu?

Upo msemo ambao husikika mara kwa mara katika vyumba vya waalimu na katika mikutano ya wazazi, kila yanapozungumzwa mambo ya michezo: kwamba kuogelea si utamaduni wetu. Husemwa kwa utulivu, kama mtu asemaye kwamba jua huchomoza mashariki, na ukishasemwa mazungumzo huhamia kwenye mpira wa miguu. Makala hii yakusudia kuupinga msemo huo. Kwa historia ni msemo wa uongo, na kwa maisha ya watoto ni msemo wa hatari. Na pale unaposemwa na mwalimu wa Karagwe au wa Kyerwa, wilaya mbili ambazo mpaka wake wa magharibi ni mto, ni msemo wa aibu pia.

Ili hoja zetu zisielee hewani, na tuanze na shindano moja. Mwezi wa Agosti mwaka 2008, katika Michezo ya Olimpiki ya Beijing, wanaume walishindana kuogelea mita 100 kwa mtindo uitwao kipepeo. Katika mchujo, Jason Dunford, kijana wa Kenya aliyezaliwa Nairobi, aligusa ukuta kwa sekunde 51.14, akaivunja rekodi ya Olimpiki. Rekodi yake haikudumu, kwani muda mfupi baadaye, katika mchujo huo huo, Milorad Čavić wa Serbia aliishusha hadi sekunde 50.76. Katika fainali Mmarekani Michael Phelps alimshinda Čavić kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, na Dunford akawa wa tano. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Delhi mwaka 2010, Dunford alitwaa medali ya dhahabu katika mita 50 za kipepeo. Bendera ya nchi ya Afrika Mashariki ilipandishwa juu ya nyingine zote, wala si kwa mbio za riadha wala kwa ngumi, bali kwa kuogelea.

Sisi majirani tulijifunza nini katika jambo hilo? Wengi hawakujifunza lolote, nao waligawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lilishangilia siku moja, likasahau siku ya pili. Kundi la pili lilitikisa kichwa na kusema: yule ni Mkenya mweupe, alikua karibu na mabwawa, akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, basi habari zake hazituhusu. Kundi hili la pili ndilo ningependa kujibizana nalo, kwa sababu ndani ya maneno yake umo ukweli ambao lenyewe halikuuona. Hebu tuyahesabu waliyoyataja: bwawa, mwalimu, chuo, muda wa mazoezi. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo katika damu. Ngozi ya Dunford haikuogelea. Kilichoogelea ni miaka ya mafunzo. Wenye kusema hivyo walidhani wanaeleza kwa nini sisi hatuwezi, kumbe walikuwa wanaorodhesha vitu ambavyo hatujawapa watoto wetu.

Sasa tuutazame mtindo wenyewe. Mwogeleaji wa kipepeo hulala kifudifudi, huitupa mbele mikono yote miwili kwa pamoja juu ya maji, na miguu yake iliyoshikamana huyapiga maji kama mkia wa pomboo. Afikapo ukutani sharti auguse kwa mikono miwili wakati mmoja. Ni mtindo wenye kuchosha sana; kosa dogo la kuvuta pumzi humvurugia mtu mwendo wote. Nauliza: ni mababu wa taifa gani waliovuka mto kwa namna hiyo? Hapana hata mmoja. Mtindo huu ulizaliwa Marekani katika miaka ya 1930, pale waogeleaji wa mtindo wa chura walipotambua kwamba kanuni hazikuwakataza kuirudisha mikono mbele kwa kuipitisha juu ya maji. Mwaka 1952 ndipo shirikisho la kimataifa lilipoutenga na kuufanya mtindo wa peke yake. Mwaka 1956, huko Melbourne, wanaume waliushindania katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, mita 200. Mita 100 ziliongezwa mwaka 1968 katika Olimpiki ya Mexico. Wapo wazee wa Karagwe na Kyerwa, wangali hai leo, ambao walikwisha kuzaliwa kabla ya mtindo huu kutambuliwa rasmi.

Basi tusidanganyane. Kama utamaduni ni yale tu waliyoyatenda mababu, kipepeo si utamaduni wa mtu yeyote duniani, na Mmarekani naye angepaswa kukaa ukingoni akitazama. Mpira wa miguu nao ulitungiwa kanuni zake London mwaka 1863, wala hatujamsikia mwalimu akiwafukuza watoto uwanjani pale Kayanga kwa sababu babu zao hawakuucheza. Ukweli ni kwamba utamaduni wa taifa haufanywi na urithi peke yake. Hufanywa pia na yale ambayo taifa limeazimia kuwafundisha watoto wake, mwaka baada ya mwaka, mpaka yakawa ya kawaida. Kiswahili chenyewe, ambacho leo mtoto wa Mnyambo hukisema bila kujiuliza, kimefika katika vilima vya Karagwe kwa njia hiyo ya kufundishwa na kuzoewa.

Hapo wapinzani wetu hurudi nyuma hatua moja, wakashika silaha nyingine. Husema: mwili wa Mwafrika ni mzito, mifupa yake hukataa kuelea. Hii ni kasumba, tena ni kasumba ya aina mbaya, kwa maana imevishwa joho la sayansi. Mwaka 1988, katika Olimpiki ya Seoul, mita 100 za kipepeo kwa wanaume zilikwenda kwa Anthony Nesty, kijana mweusi wa Suriname, nchi ya Amerika ya Kusini ambayo wakati huo haikuwa na watu hata nusu milioni. Nesty aligusa kwa sekunde 53.00. Matt Biondi wa Marekani, ambaye wengi walimdhania mshindi, aligusa kwa 53.01. Hivyo Nesty akawa mwanamume mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika kuogelea. Mifupa yake haikuzama. Alifundishwa kwao tangu utotoni, kisha akapelekwa Florida kusoma na kufanya mazoezi, na mafunzo hayo yakazaa matunda. Mwalimu anayewaambia wanafunzi wake kwamba Mwafrika haelei anarudia kauli ya watu waliotudharau, tena anairudia bure, bila hata kulipwa.

Na sasa tuje nyumbani. Mwaka 1861 Mwingereza Speke alifika Karagwe, akapokewa na Omukama Rumanyika. Alipoliona ziwa la hapo, yeye na mwenzake Grant walilipa jina la ziwa la kwao Uingereza, wakaliita Windermere Ndogo. Twasoma habari hizo na kucheka, na ni haki yetu kucheka, maana ziwa hilo lilikuwa na wenyewe na jina lake. Lakini kicheko hicho kitupe swali. Mgeni alitaka kuyamiliki maji yetu kwa jina tu. Sisi wenyewe tumeyamiliki kwa kitu gani? Mto Kagera unatuzunguka, huku ukiigawa nchi yetu na Rwanda upande wa magharibi na Uganda upande wa kaskazini. Kuna Ziwa Rwakajunju, kuna Ziwa Burigi upande wa kusini, kuna mabonde yenye mafunjo na vijito visivyohesabika. Tangu mwaka 2012, Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe na kuwa wilaya, tumekuwa na halmashauri mbili juu ya maji hayo hayo. Na bado mwanafunzi wa sekondari aweza kumaliza kidato cha nne akijua urefu wa mito ya mabara mengine, asijue namna ya kuelea dakika moja katika mto wa kwao.

Sisemi kwamba hakuna ajuaye maji. Mvuvi ayajua. Mwenye mtumbwi avushaye watu na mizigo ayajua. Lakini ujuzi huo umeachwa kwa wachache, ukaonekana kuwa ni kazi ya mtu asiye na shamba. Mtoto wa mkulima wa migomba na kahawa yeye hupewa onyo tu: usiende mtoni. Onyo hilo si la kipuuzi hata kidogo. Kagera ina mamba na viboko, na maji yaliyotulia yaweza kuwa na kichocho. Mzazi amkatazaye mwanawe ana haki. Lakini shule haiwezi kuishia pale alipoishia mzazi. Kazi ya shule ni kuigeuza hofu kuwa maarifa: kumfundisha mtoto ni maji gani yanaingilika na ni yapi hayaingiliki, mkondo humvuta mtu vipi, na mwili huelea kwa sababu gani. Mtoto aliyekatazwa bila kufundishwa hungoja siku mkubwa hayupo, akaenda na wenzake kwa siri. Tena tusisahau kwamba ni watoto hao hao tunaowatuma kuchota maji. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Walisema kweli, ila kutapatapa hakumfikishi mtu ukingoni.

Hapa ndipo jambo letu linapoacha kuwa la michezo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kubeba watu kupita kiasi, ilipinduka karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Hapana pembe ya mkoa wa Kagera isiyoujua msiba huo. Sidai kwamba kuogelea kungewaokoa wote. Waliofungiwa ndani ya meli iliyopinduka hawakuwa na nafasi, na chombo kibovu au kilichojazwa mno ni kosa ambalo ustadi wa abiria haulifuti. Lakini tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyokuwa ikikaribia kutua Bukoba ilianguka ziwani ikiwa na watu 43. 19 walikufa na 24 wakaokoka. Waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao, na mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, baadaye alipewa nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Siku ile taifa zima liliwapongeza watu ambao ujuzi wao halijapata kuufundisha shuleni.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na wengi mno kati yao ni wa nchi maskini, wengi wakiwa watoto na vijana. Umoja wa Mataifa, kwa azimio la Aprili 2021, umeitenga tarehe 25 Julai kila mwaka kuwa siku ya kukumbusha namna ya kuzuia vifo hivyo. Taifa lenye maziwa makuu, mito, na pwani ndefu haliwezi kulisikia neno hilo kama habari za wengine.

Sasa itakuja hoja ya fedha. Wataniuliza: bwawa la mita 50 litajengwa na nani huko Kyerwa, ambako shule nyingine zina upungufu wa madawati? Nami najibu kwamba hakuna aliyeomba bwawa la mita 50. Bwawa hilo ni la shindano, na shindano ni jambo la mwisho. Hata kipepeo huanza kwa mtoto kulaza uso majini na kutoa pumzi bila hofu. Huko Bangladesh, nchi ambayo nayo si tajiri, watoto wa vijijini wamefundishwa kuogelea katika madimbwi ya kawaida, kwa kuzamisha jukwaa la mianzi ili mtoto asimame bila kuzama, na uchunguzi uliofanywa huko umeona kwamba waliofundishwa walikufa maji kwa uchache sana kuliko wasiofundishwa. Huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, wasichana wamefundishwa kuogelea baharini wakiwa wamevaa mavazi yanayousitiri mwili mzima, na baadhi yao wakawa waalimu wa wenzao. Kwa hiyo wasituambie kwamba heshima ya mtoto wa kike yazuia. Heshima ilipewa vazi lake, na somo likaendelea.

Karagwe na Kyerwa hazikosi milunda ya mikaratusi, kamba, wala nguvu za watu. Mahali penye maji mafupi pakichaguliwa na halmashauri, yakapimwa na mabwana afya, pakathibitishwa kuwa hapana mamba wala kichocho, pakazungushiwa uzio wa miti, pakawekwa mwalimu aliyefuzu na mtu wa uokoaji mwenye kamba ndefu, somo laweza kuanza. Na pasipopatikana mahali salama, tanki pana la saruji la maji ya mvua yaliyotiwa dawa, lenye kina cha kifua cha mtoto, latosha kwa shule kadhaa kwa zamu. Mwaka 1967 tulielezwa maana ya Elimu ya Kujitegemea: kwamba shule imtayarishe mtoto kwa maisha ya mahali anapoishi. Wengi wetu tuliipunguza elimu hiyo ikawa jembe na shamba la shule tu. Lakini kwa mtoto aishiye kando ya Kagera, hakuna kujitegemea kuliko kubwa kama kuweza kujitoa majini mwenyewe, na kumtupia mwenzake kamba.

Limebaki kundi la mwisho, nalo ni la wapenda medali. Hawa hawasemi kwamba kuogelea si kwetu. Husema tuwachague vijana wachache wa mijini, tuwapeleke ng'ambo, watuletee dhahabu. Mimi siwachukii, bendera ikipanda nami nafurahi. Lakini hesabu yao imeanzia kileleni. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 Tanzania ilipeleka waogeleaji wawili, Collins Saliboko na Sophia Latiff, nao wanastahili heshima yetu kwa kufika huko. Wawili hao walitoka katika taifa ambalo sensa ya mwaka 2022 ililihesabu kuwa na watu zaidi ya milioni 61. Je, ni wangapi kati ya mamilioni hayo waliowahi kupewa nafasi ya kujulikana kama wana kipaji? Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, alitoka katika nchi ambayo kila mtoto hukimbia: hukimbia kwenda shule, hukimbia nyuma ya mifugo. Kati ya wengi wanaokimbia alipatikana mmoja aliyewapita wote. Kwa kuogelea tunataka kumpata huyo mmoja bila ya kuwa na hao wengi. Haiwezekani. Na hata tukimpata, atakuwa wa wachache wenye bwawa nyumbani au shuleni, na wale waliosema kwamba habari za Dunford hazituhusu watayasema hayo hayo juu ya Mtanzania mwenzao. Utamaduni wa taifa hauwezi kuwa mali ya mtaa mmoja wa jiji.

Kwa hiyo nawageukia waalimu wa Karagwe na Kyerwa, na ninyi wanafunzi mtakaoshika nafasi zao. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mwalimu wa biolojia afundishe kichocho na namna ya kukiepuka. Mwalimu wa fizikia, afikapo kwenye somo la kuelea kwa vitu, asiishie kwenye kipande cha ubao ndani ya beseni, bali aeleze pia kwa nini mwili wa mwanafunzi wake huelea mapafu yakijaa hewa. Mwalimu wa jiografia auchore mkondo wa Kagera na kuonyesha palipo na hatari. Mwalimu wa michezo apeleke maombi kwenye halmashauri yake na kwa Baraza la Michezo la Taifa, ambalo lipo kwa sheria tangu mwaka 1967, akitaka mafunzo ya ukufunzi wa kuogelea kwa waalimu wawili tu wa kila tarafa. Wavuvi wetu waitwe shuleni wakaeleze wanayoyajua, na wakae mbele kama wakaribishwavyo wageni wengine wa heshima. Na wanafunzi waulize maswali haya kwenye mikutano ya shule bila ya kuona haya.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa darasa la tatu hujifunza kuelea kwa siku chache. Mtu mzima aliyelelewa kwa hofu huchukua miezi. Kila mwaka tunaouacha upite tunawatoa shuleni vijana ambao hawatajifunza tena, na ambao kesho watapanda mitumbwi na meli pamoja na watoto wao. Huenda siku moja kijana wa Murongo akasimama juu ya kisimamio katika bwawa la mbali, akisubiri kengele ya mita 100 za kipepeo. Ikiwa hivyo, tutashangilia. Lakini hata asipopatikana kamwe, kazi hiyo itakuwa na faida ambayo mzazi yeyote wa kando ya Kagera aijua: kwamba mtoto aliyetumwa maji asubuhi amerudi nyumbani.